Kujifunza uongozi wa biashara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Uongozi ni kipaji cha kuzaliwa nacho au mtu anaweza kujifunza?

Unafundishika kwa sehemu kubwa. Mtu mchangamfu huanza kwa urahisi kwa sababu anasikika na kukumbukwa haraka. Baada ya hapo inabaki kazi yenyewe: kuendesha kikao, kumpa mtu kazi akaielewa, kusoma hesabu, kumweleza mtu kosa lake bila kumvunja moyo, kuamua ukiwa na nusu ya taarifa. Kila moja ina hatua zake, huharibika kwa namna zinazojulikana, na hunoga kwa kurudiwa.

Ugumu uko kwingine. Fundi cherehani akikata kitambaa vibaya, anaona palepale. Kiongozi akiajiri mtu asiyefaa, hujua baada ya miezi sita, na kufikia hapo zipo sababu kumi nyingine za kusingizia. Matokeo yanachelewa, na yanafika yamechanganyika. Ndiyo maana mtu anaweza kusimamia wenzake miaka 20 akaendelea kuendesha vikao vilevile vibovu, kwani hakuna kilichowahi kumwonyesha. Majibu mengi hapa chini yanazunguka dawa moja: andika unachotarajia kabla ya kutenda, kisha linganisha na kilichotokea.

Sijawahi kuwa bosi wa mtu yeyote. Nianzie wapi?

Tafuta kazi ndogo yenye mambo matatu: ina tarehe ya kuisha isiyozidi wiki sita, inahitaji angalau watu wawili ambao huna mamlaka juu yao, na ikiharibika hakuna atakayefukuzwa kazi. Kuhesabu upya mali ya stoo, kupanga upya namna oda zinavyopokelewa, kuandaa mafunzo ya siku moja kwa wafanyakazi wapya: hizo zinafaa. Kamati isiyo na mwisho haifai, maana haitakupa siku ya kujipima.

Kabla ya kuanza, andika kwenye karatasi moja matokeo unayotaka, nani anafanya nini, tarehe, na mambo mawili unayodhani yataharibika. Kazi ikiisha, kaa na wenzako dakika 30 kwa maswali manne yaliyotokana na mapitio ya baada ya zoezi, utaratibu ulioenea katika Jeshi la Marekani tangu miaka ya 1970: Tulikusudia nini? Kilitokea nini hasa? Kwa nini vilitofautiana? Safari ijayo tubakize nini na tubadili nini?

Swali la pili ndilo hurukwa zaidi. Watu hukimbilia "kwa nini" kabla hawajakubaliana kilichotokea, kisha wanabishana saa nzima, kila mmoja akieleza tukio lake. Malizeni kwanza la pili, na aanze kusema mwenye cheo kidogo kuliko wote.

Nasoma vitabu na kusikiliza mafunzo kila siku, lakini sioni mabadiliko. Kwa nini?

Kwa sababu kuelewa na kukumbuka ni vitu viwili, na kutenda ni kitu cha tatu.

Tuanze na kukumbuka. Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akachapisha alichokiona: sehemu kubwa hupotea ndani ya siku ya kwanza, kisha kasi ya kusahau hupungua. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwalinganisha wanafunzi waliosoma matini na kuirudia, na wengine waliosoma kisha wakajaribu kuikumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki, mambo yaligeuka, na waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Kinachodanganya ni zile dakika tano. Ukisoma ukurasa mara ya pili unauona kama rafiki wa zamani, ukadhani umeujua.

Kwa hiyo, ukimaliza sura, funga kitabu na uandike mistari mitano kutoka kichwani. Rudia kesho bila kufungua, kisha baada ya siku nne, kisha baada ya wiki mbili. Kitabu kimoja kikitendewa hivyo kinatosha kwa miezi miwili. Orodha za "vitabu 50 kwa mwaka" ni mashindano ya kufungua kurasa, basi.

Kutenda kunahitaji kitu kingine. Peter Gollwitzer alichunguza nia zinazofungwa kwenye wakati na mahali, za muundo wa "ikitokea hiki, nitafanya hiki", na kuonyesha kuwa hutekelezwa zaidi kuliko nia za jumla. "Nitakuwa msikivu zaidi" haina pa kushika. "Mtu akiniletea tatizo, nitauliza maswali mawili kabla ya kutoa ushauri" ina mahali pa kuanzia, na jioni unaweza kuhesabu ulifanya mara ngapi.

Chukua tabia moja kwa wakati mmoja, na usitarajie miujiza ya siku 21, ambazo wengi hudai zinatosha kujenga tabia. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake uliofanyika London na kuchapishwa mwaka 2010 uliwafuatilia watu 96: ilichukua wastani wa siku 66 jambo kuwa mazoea, na tofauti kati ya watu ilikuwa kubwa mno, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya 254. Habari njema ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana.

Ni kweli nahitaji saa 10,000 za mazoezi ili niwe hodari?

Hapana. Namba hiyo inatokana na utafiti wa Anders Ericsson na wenzake wa mwaka 1993 kuhusu wapiga fidla wa chuo cha muziki Berlin. Ilikuwa wastani wa kundi lililokuwa bora, walipofika umri wa miaka 20; wengine ndani ya kundi hilohilo walikuwa chini yake. Ericsson alisisitiza aina ya mazoezi: sehemu moja ngumu, lengo wazi, mtu wa kukurekebisha, kisha kurudia. Kuhudhuria vikao 1,000 bila hayo ni kukaa vitini.

Na ile kanuni ya 70-20-10?

Inasema asilimia 70 ya kujifunza hutoka kazini, 20 kwa watu wengine, 10 darasani. Chimbuko lake ni mameneja kueleza wenyewe wanavyokumbuka walivyojifunza, kwa hiyo zichukue namba hizo kama kauli ya mdomo, si kipimo. Wazo kwamba kazi yenyewe ndiyo shule kuu lina mantiki. Kupunguza bajeti ya mafunzo kwa kisingizio cha "asilimia 10 tu" halina.

Nilikuwa hodari kwenye kazi yangu, nikapandishwa cheo. Sasa kila kitu kinarudi kwangu na nachelewa kutoka kila siku. Nafanya kosa gani?

Tazama mlangoni pa ofisi yako. Mtu anachungulia: "Bosi, kuna tatizo na ile oda." Una haraka, unajibu: "Niachie, nitaangalia." Katika maneno hayo mawili, kazi imehama meza. Alikuja akiwa nayo, anaondoka mikono mitupu, na jioni atapita kukuuliza umefikia wapi. Fanya hivyo mara sita kwa siku, utajua kwa nini unachelewa kutoka.

Jibu mbadala: "Umeonaje wewe? Njoo saa nane na mapendekezo mawili, na uniambie ungechagua lipi." Mwanzoni mapendekezo yatakuwa mabovu. Vumilia.

Kukasimu kazi kunaharibika mahali pale pale kila mara: aliyetoa ana picha kichwani, aliyepokea ana picha nyingine, na hakuna aliyeiweka mezani. Mkabidhi mtu mambo haya kwa sauti, kisha umwombe ayaseme kwa maneno yake:

- Kazi iliyokamilika inaonekanaje. "Ripoti nzuri" haisemi kitu. "Kurasa mbili, zenye mauzo ya kila bidhaa kwa miezi mitatu na sababu ya kila iliyoshuka" inasema.
- Mipaka yake: fedha kiasi gani anaweza kutumia bila kuuliza, na nani hapaswi kuguswa.
- Lini mtaonana katikati. Weka mapema, kazi ikiwa robo. Ukingoja robo tatu, kurekebisha ni kuanza upya.
- Kiwango cha mamlaka.

Hilo la mwisho ndilo husahaulika. Kuna ngazi nne: (1) niletee taarifa, nitaamua mimi; (2) niletee pendekezo, tutaamua pamoja; (3) amua, lakini niambie kabla hujatekeleza; (4) amua, tekeleza, niambie baadaye. Mtu mmoja anaweza kuwa ngazi ya nne kwenye manunuzi na ya kwanza kwenye kuongea na wateja wakubwa. Taja ngazi kwa kila kazi. Malalamiko mengi ya "ananifuatafuata" au "amenitupia kazi" ni watu wawili waliosimama ngazi tofauti bila kujua.

"Lakini ni haraka nikifanya mwenyewe." Kwa leo, ndiyo. Piga hesabu: kazi ya kila wiki inayokuchukua dakika 30, na kumfundisha mtu kutakula saa tano, yaani dakika 300. Ukibakiza dakika tano za kukagua, unaokoa 25 kwa wiki. Ndani ya wiki 12 umerudisha muda wako, na kuanzia hapo ni faida. Kazi inayotokea mara moja kwa mwaka fanya mwenyewe, hailipi kuifundisha.

Kosa litakalovunja kila kitu ni kumpokonya mtu kazi mara ya kwanza anapoteleza. Mshushe ngazi moja ya mamlaka, mweleze kwa nini, na mwambie atarudishwa lini.

Namwambiaje mtu amekosea bila kuharibu uhusiano?

Elewa kwanza kwamba kutoa maoni kunaweza kudhuru. Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya tafiti nyingi za mrejesho mwaka 1996 na kukuta kwamba kwa wastani unasaidia, lakini katika zaidi ya theluthi moja ya visa utendaji ulishuka. Maelezo yao ni kwamba mrejesho hudhoofika pale unapomfanya mtu ajifikirie yeye ni nani badala ya kufikiria kazi. Ukisema "wewe ni mzembe", umemwalika atetee heshima yake.

Muundo unaofaa ni ule wa Center for Creative Leadership, taasisi ya mafunzo ya uongozi: hali, tendo, athari. Kwa mfano, meneja amekaa na ofisa mauzo siku moja baada ya kikao.

"Jana saa nne, tulipokuwa na mteja, ulimkatiza mara mbili akieleza malalamiko yake. Mara ya pili alifunga daftari lake, na mpaka tunaondoka hatukujua anataka nini kwenye oda ijayo. Wewe ulionaje?"

Hapo meneja ananyamaza. Hesabu hadi kumi kimoyomoyo kama ni lazima. Kimya hicho ndicho kinachowashinda wengi: wanakijaza kwa kulainisha ("lakini najua ulikuwa na nia njema, si jambo kubwa"), na ujumbe wote unayeyuka.

"Niliona muda unatuishia," ofisa anasema. "Nilitaka tufike kwenye bei."

"Sawa. Alhamisi tunakutana naye tena. Utafanyaje?"

"Nitaandika pingamizi zangu, nimwache amalize."

"Vizuri. Tukitoka tu, tutaongea dakika tano."

Angalia kisichokuwemo: hakuna "siku zote", hakuna "kila mtu analalamika", hakuna neno kuhusu tabia yake. Kuna saa, idadi, na daftari lililofungwa. Hayo hayabishiwi.

Sema ndani ya siku mbili, faraghani. Ukiwa na hasira, ngoja kesho. Usingoje tathmini ya mwisho wa mwaka, maana atakayesikia Desemba kosa la Machi atajiuliza ulikuwa unamhesabia nini muda wote huo. Ule mtindo wa kufunika kosa kati ya sifa mbili uache. Watu wameshaujua, sasa kila ukisifu wanasubiri pigo.

Sifa nazo zifuate muundo huohuo. "Kazi nzuri" hupita sikio hili na kutokea lile. "Ulivyompigia muuzaji kabla hajachelewa, tuliokoa siku mbili" humwambia arudie nini.

Kikao cha ana kwa ana na kila mfanyakazi: kila lini, na tuongee nini?

Dakika 30, kila wiki au kila wiki mbili, siku na saa zilezile. Dakika 20 za mwanzo ni zake. Swali la kufungulia liwe wazi lakini lenye mwelekeo: "Nini kinakukwamisha wiki hii?" hufungua zaidi kuliko "Mambo vipi?", ambalo jibu lake sote tunalijua. Andika ahadi zenu mbili tatu, na kikao kinachofuata kianzie hapo. Ukikiahirisha mara tatu mfululizo, umeshamwambia anachopaswa kujua kuhusu nafasi yake kwako. Hali ya kazi zinazoendelea isiwe mada kuu. Hiyo hutosha kwa ujumbe wa maandishi.

Mimi si mhasibu. Nahitaji kujua hesabu kiasi gani?

Kiasi cha kutodanganyika, na kutojidanganya. Anza na tofauti ya faida na fedha taslimu, kwa sababu biashara nyingi hufa zikiwa na faida kwenye karatasi.

Chukua sarafu yoyote. Mwezi wa kwanza unauza 10,000. Bidhaa zimekugharimu 6,000, ulizolipa taslimu; kodi ya pango na mishahara ni 2,500. Faida: 1,500. Safi. Ila nusu ya mauzo ni mkopo wa siku 60. Kwa hiyo kilichoingia ni 5,000, kilichotoka ni 8,500, na mfuko umepungua 3,500.

Mwezi wa pili biashara inachangamka, unauza 14,000. Bidhaa 8,400, kodi na mishahara 2,500, faida 3,100. Kilichoingia ni 7,000, kwa sababu deni la mwezi wa kwanza halijaiva. Kilichotoka ni 10,900. Pengo jingine la 3,900. Miezi miwili, faida jumla 4,600, na mfuko umepungua 7,400. Kadiri unavyokua ndivyo unavyozama. Kiongozi asiyeliona hili atashangilia mauzo siku ileile mishahara inapokosekana.

Dawa ni karatasi ya wiki 13: kila safu ni wiki, juu andika fedha utakazopokea kwa hakika, chini utakazolipa, mwisho salio. Isasishe kila Jumatatu. Wiki ambayo salio linaingia chini ya sifuri utaiona mapema, ukiwa bado na muda wa kuongea na muuzaji wako akuongezee siku au mteja alipe sehemu kabla.

Hesabu ya pili ni mauzo ya kurudisha gharama. Kwenye mfano huo, kila 100 ya mauzo inabakiza 40 baada ya kulipia bidhaa. Gawa gharama zisizobadilika kwa 0.4: 2,500 ÷ 0.4 = 6,250. Chini ya hapo unakula mtaji.

Ya tatu ni punguzo la bei, ambalo watu wa mauzo hulitoa kama maji. Bidhaa ya 100 inayokugharimu 60 ukiishusha kwa asilimia 10, faida ya kila moja inatoka 40 hadi 30. Ili ubaki palepale, lazima uuze theluthi moja zaidi: vipande 400 badala ya 300. Muulize anayeomba punguzo kama atauza hivyo vipande 100 vya ziada. Kimya chake kitakujibu.

Ukizimudu hizo tatu, mambo mengine ya kihasibu unaweza kumuuliza mhasibu. Kuuliza si ujinga.

Nawezaje kuboresha maamuzi yangu?

Weka shajara ya maamuzi. Daftari la kawaida linatosha. Kwa kila uamuzi mzito andika tarehe, umeamua nini, chaguo ulizoziacha, unatarajia nini kitokee na kufikia lini, una uhakika wa asilimia ngapi, na ulikuwa katika hali gani (umechoka, una haraka, umekasirika). Mistari kumi, dakika kumi. Tarehe ikifika, rudi usome.

Kinachokusanyika ni ushahidi dhidi ya kumbukumbu yako, ambayo ni shahidi wa uongo. Matokeo yakishajulikana, kila mtu hukumbuka kwamba "alijua". Baada ya maamuzi 20 hivi utaona mkondo. Mwenye kuandika "asilimia 90" mara kumi na kupatia sita anajua sasa kwamba 90 yake ni 60.

Jihadhari na mtego mmoja: uamuzi mzuri unaweza kuleta matokeo mabaya, na kinyume chake. Pima namna ulivyoamua kwa taarifa ulizokuwa nazo siku ile, ndiyo maana uliziandika.

Si kila uamuzi unastahili daftari. Jeff Bezos, katika barua kwa wanahisa wa Amazon, alitofautisha maamuzi kama milango: ipo unayoweza kurudi nyuma, na ipo isiyo na kurudi. Ya kwanza amua haraka, au mwachie aliye karibu na kazi. Kwa ya pili, jaribu mbinu ya mwanasaikolojia Gary Klein: kabla ya kuanza, waambie timu, "Tuko mwaka mmoja mbele na mpango huu umeshindwa vibaya. Kila mmoja aandike sababu, dakika tano." Kwa kuwa kushindwa kumeshatajwa kama jambo lililotokea, aliyekuwa akiogopa kuonekana mkorofi sasa ana ruhusa ya kusema.

Watu wangu hawaniambii ukweli. Kila nikiuliza wanasema "hakuna shida". Nifanyeje?

Kwanza, jiulize wa mwisho aliyesema shida alipata nini.

Amy Edmondson alichunguza timu za hospitali akitarajia zilizo nzuri ziwe na makosa machache ya dawa. Takwimu zikaonyesha kinyume: timu bora ziliripoti makosa mengi zaidi. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba hazikuwa zikikosea zaidi, zilikuwa zikisema zaidi. Timu inayokuletea ripoti tupu ndiyo ya kuogopa.

Kwenye mfumo wa uzalishaji wa Toyota, mfanyakazi akiona kasoro huvuta kamba, kiongozi wa timu anakuja, na isipotatuliwa kwa wakati mstari unasimama. Kamba yenyewe ni kitu rahisi. Wengi walioiga wakashindwa waliweka kamba, kisha wakamkaripia aliyeivuta.

Maneno yako ya kwanza baada ya habari mbaya ndiyo yanayoamua kama utaletewa nyingine. Jizoeze sentensi moja: "Asante kwa kuniambia mapema. Tunajua nini mpaka sasa?" Itamke hata kama moyoni unachemka. Badili pia maswali: "Kuna shida?" linaomba jibu la hapana. "Kitu gani kimoja kikituangusha mwezi huu hatutashangaa?" linadai kitu. Na ukitafuta chanzo, tumia "kwa nini" mara tano kama Taiichi Ohno alivyofundisha pale Toyota, lakini uliza kuhusu mchakato. Ukiishia kwenye jina la mtu, uliza tena: kwa nini mpangilio wetu uliruhusu kusahau kwa mtu mmoja kutuangushe?

Nawaongoza watu walionizidi umri, na wengine walikuwa wenzangu jana. Nafanyaje?

Ongea na kila mmoja peke yake ndani ya wiki ya kwanza. Kwa aliyekuzidi umri, shikamoo yako na heshima yake vibaki kama vilivyokuwa. Mpe nafasi ya kukufundisha anachokijua, lakini tarehe na viwango usivilegeze kwa aibu. Akiona unamzunguka, atakudharau zaidi kuliko ukimwambia wazi. Kwa aliyekuwa mwenzako, na hasa kama naye aliitaka nafasi hiyo, litaje jambo lenyewe: "Najua uliiomba kazi hii. Naihitaji nguvu yako. Nini kitakufanya ufanye kazi nami vizuri?" Umbea wa ofisini uuage siku hiyohiyo. Huwezi kuwateta watu ambao Ijumaa utawafanyia tathmini.

Timu iwe na watu wangapi?

Watano hadi saba hurahisisha maisha. Kanuni ya njia za mawasiliano ni n(n−1)÷2, ambapo n ni idadi ya watu: watu watano wana njia 10, watu kumi wana 45. Wakizidi, gawa.

Nahitaji mlezi wa kikazi? Nampataje?

Usimwombe mtu "uwe mlezi wangu". Ni ombi zito lisilo na umbo, na wengi wataitikia kwa adabu kisha wapotee. Omba dakika 20 kuhusu swali moja alilowahi kulipitia: "Ulipoajiri meneja wako wa kwanza, ulimpimaje?" Tekeleza moja ya aliyosema, na baada ya wiki tatu mwandikie mistari mitano ya kilichotokea, pamoja na kilichoshindikana. Wachache mno hurudi na majibu, kwa hiyo utakumbukwa. Tafuta watu wawili watatu wa fani tofauti, na mmoja awe ametangulia hatua moja tu mbele yako. Aliye hatua kumi mbele ameshasahau mwanzo ulivyokuwa.

Shahada ya uzamili ya biashara inafaa?

Inafaa kwa kubadili fani, kupata mtandao, au pale mwajiri anapoidai. Kama shida yako ni kushindwa kuongea na mfanyakazi mgumu, haitakusaidia.

Nina saa moja tu kwa wiki. Niitumieje?

Ijumaa au siku ya mwisho ya kazi. Dakika 15 kupitia wiki: niliahidi nini, nini kimefanyika. Dakika 15 kwenye shajara. Dakika 20 kujiandaa kwa mazungumzo moja magumu ya wiki ijayo, ukiandika sentensi yako ya kwanza neno kwa neno, maana hiyo ndiyo hukwama kooni. Kumi zilizobaki, soma mistari yako ya kitabu bila kukifungua kitabu. Kusoma kitu kipya hakumo, na si kwa bahati mbaya.

Nitajuaje kama ninakua?

Usijiulize mwenyewe tu. David Dunning na Justin Kruger walionyesha mwaka 1999 kwamba waliofanya vibaya zaidi kwenye majaribio ndio waliokadiria uwezo wao kupita kiasi zaidi. Hesabu vitu vinavyoonekana: maamuzi mangapi wiki hii yamefanyika bila wewe na yakasimama, habari mbaya zinakufikia siku ngapi baada ya tukio, ukiondoka siku tano bila simu, nini kinasimama. Kila miezi mitatu waulize watu watano swali moja lilelile, "Nifanye nini zaidi, na nini kidogo?", na uandike majibu bila kujitetea. Jambo likitajwa na watatu, ndilo somo lako la robo ijayo.

Na nikigundua sipendi kuongoza?

Jipe mwaka mmoja kwanza, kwa sababu miezi ya mwanzo karibu kila mtu hutamani kazi yake ya zamani, ambako saa kumi na moja jioni unaona ulichotengeneza. Mwaka ukiisha na bado vikao vya ana kwa ana vinakuchosha kuliko kazi yoyote, sema. Nenda kwa bosi wako na pendekezo kamili: nafasi ya kitaalamu unayoitaka, nani anaweza kukurithi, na miezi mitatu ya kukabidhi. Ukikaa kwa sababu ya cheo, timu itajua kabla yako, na wale wazuri ndio watakaotangulia kuaga.